Bia Nyeusi ya Duka la Nyuma ya Stesheni

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Kwaresima hii sikuacha nyama wala bia. Nimeacha kusema vibaya juu ya watu, mpaka Pasaka. Padre aliponipaka majivu nilimwahidi Mungu hilo kwa moyo mmoja. Nilipofika mlangoni mwa kanisa nikamwona Ägidius Plank amemshika Rosina mkono, anamshusha ngazi zenye barafu, nikajua nimejitwika mzigo mzito. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Kusema nimeahidi kuacha, kuandika sikuahidi.

Nieleze mambo kwa utaratibu, maana miaka thelathini na minane ya ualimu imenizoesha hivyo. Naitwa Wunibald Zirngibl, nina miaka sabini na miwili, mgane wa miaka tisa. Rosina Schedlbauer ana miaka sitini na minane. Yeye na marehemu mumewe, Xaver, ndio waliokuwa na baa ya wageni hapa mkabala na kanisa. Xaver alifariki miaka mitatu iliyopita, na Novemba Rosina akafunga baa. Lakini meza yetu ya Alhamisi haikufa. Ilihamia jikoni kwake, nyuma ya baa, saa tisa alasiri. Tuko wanne: Rosina, mimi, Veit ambaye alikuwa daktari wa mifugo, na tangu Oktoba huyu Ägidius, tunayemwita Gidi, dereva wa basi mstaafu. Alikuja siku moja kurekebisha bomba. Bomba lilipona, yeye hakuondoka.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu ya Pasaka mji wetu hufanya matembezi ya Emau, kutoka kanisani mpaka kikanisa cha kilimani, mwendo wa saa moja na nusu, wawili wawili. Mjane hutembea na dada yake au na mjane mwenzake. Akitembea na mwanamume asiye ndugu yake, basi ameshaujibu mji mzima kabla haujamwuliza. Mimi nimengoja miaka mitatu, matanga yaishe, majonzi yapoe, kila kitu kwa wakati wake. Mwaka huu nitamwomba Rosina atembee nami. Nitamwomba Jumapili ya Matawi, baada ya misa. Subira ndiyo karama niliyopewa.

Alhamisi, 15 Februari

Mvua ya theluji. Nilipeleka chupa nne za bia nyeusi ya ngano kutoka Aumühl, kiwanda kidogo kilicho kilomita kumi na mbili kutoka hapa, ambako baba, mwana na mjukuu wamepika bia ileile katika mapipa yaleyale. Nilimkuta Gidi ameshafika. Kreti nzima ilikuwa sakafuni.

"Hii ni ya duka la nyuma ya stesheni," akasema. "Senti hamsini na tano chupa. Nayo ni nyeusi, ya ngano, kila kitu."

Veit aliigeuza chupa mkononi. "Ngome hii kwenye lebo iko wapi? Nimetibu ng'ombe wa wilaya nzima, sijawahi kuiona."

"Iko kwenye lebo, Daktari. Huko paa halivuji."

Rosina alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilisuuza glasi ndefu kwa maji baridi, nikaziinamisha, nikamimina polepole. Nikabakiza vidole viwili chini ya chupa, nikaizungusha ili hamira iliyolala chini iamke, nikaimwaga juu ya povu. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Tuligonganisha vitako vya glasi, maana mdomo wa glasi hizi ni mwembamba na hupasuka.

"Sikiliza, Rosina," nikamwambia. "Kwanza utapata ndizi mbivu. Halafu karafuu. Mwisho kabisa ganda la mkate uliotoka jikoni sasa hivi."

Alinusa, akanywa. "Ndiyo, Mwalimu. Karafuu."

Huwa ananijibu hivyo, na mimi hufurahi wiki nzima. Lakini akanyoosha mkono kwenye glasi ya Gidi. Aliisogeza kwanza sikioni, kama mtu anayesikiliza saa ya mkononi, kisha akanywa akiwa amefumba macho.

"Vipi?" Gidi akamwuliza.

"Hii inacheza," Rosina akasema.

Inacheza! Nimesoma vitabu kumi na kimoja juu ya bia, na hakuna hata kimoja kinachosema bia inacheza.

Ijumaa, 16 Februari

Mvua. Sikutoka.

Jumatatu, 19 Februari

Nilikwenda duka la nyuma ya stesheni nikiwa nimevaa kofia mpaka nyusini. Kwenye kaunta alikuwepo Kreszentia, niliyemfundisha darasa la nne.

"Mwalimu! Kumbe na wewe unakunywa hii?"

"Ni utafiti," nikasema.

"Mume wangu naye anafanya utafiti huo kila Jumamosi."

Nyumbani nilisuuza glasi, nikamimina kwa haki kabisa. Naandika nilichokiona. Rangi: kahawia ya kung'aa, kama kokwa ya chestnati iliyotoka gandani, tena inapendeza. Povu: kubwa, lina haraka ya kushuka. Harufu: ndizi kwa mbali, sukari iliyoungua kwa karibu, karafuu inaona haya. Mdomoni: tamu, tamu sana, na gesi nyingi inayochoma ulimi kwa sindano ndogo. Mwisho: hakuna mwisho. Inaondoka kama mwanafunzi aliyekariri ubeti wa kwanza tu. Hata hivyo ukimpa mtu mwenye kiu hatairudisha. Naandika hili kwa uchungu.

Alhamisi, 22 Februari

Gidi alifika tena kabla yangu. Nilipoingia alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi, amekunja mikono ya shati, anagusa vitufe kimoja kimoja, anafunua sufuria, ananusa. Kama mwenye nyumba! Mimi nimeingia nyumba hiyo miaka ishirini na sita na sijawahi kugusa kitufe.

Rosina alitupakulia supu ya maini. Ilikuwa na chumvi ya kutosha sufuria tatu. Kwetu hapa supu ikizidi chumvi watu hawasemi mpishi amekosea, wanasema mpishi amependa, na Veit si mtu wa kuacha nafasi kama hiyo.

"Ehee, Rosina! Ni nani huyo? Tutajie tu, sisi ni wazee, hatutapiga kelele."

"Kula unyamaze, Daktari."

"Nitanyamaza vipi na ulimi umegeuka nyama ya kukausha?"

Rosina alionja supu yake, akaonja tena, akamtazama Gidi. Gidi akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema, "Mimi naipenda hivihivi," akaomba bakuli la pili, akalimaliza.

Nilirudi nyumbani nikanywa maji glasi tano. Chumvi ilitoka. Lile jicho alilomtupia halikutoka.

Jumapili, 25 Februari

Kanisani alikaa safu ya mbele yangu. Gidi alikaa safu ya nyuma yangu. Nilisali katikati kama ukuta.

Alhamisi, 29 Februari

Ukungu tangu asubuhi, hata mnara wa kanisa hauonekani. Rosina alioka keki ya tufaha. Niliketi karibu na dirisha, kwa hiyo niliona: keki ilikuwa imeungua chini, nyeusi kama mkaa, na jikoni kulikuwa na harufu ambayo hata Xaver kaburini angeisikia. Rosina alikuwa anaileta mezani akitabasamu. Gidi akainuka, akamwambia, "Lete nikukatie," na kwa kisu cha mkate akaondoa sehemu yote iliyoungua, akaificha kwenye gazeti. Haraka, bila neno. Halafu akamgusa begani. Rosina akainamisha macho.

Watu wawili wanaofichiana keki iliyoungua hawana tena haja ya kuambiana mengi.

Gidi alifungua ile bia yake. "Unaionaje leo?" akamwuliza.

"Leo ni nzito kidogo katikati," Rosina akasema, "halafu inachoma pembeni. Naipenda."

Nikamweleza kwamba uzito hauwezi kuwa katikati, kwamba ulimi una sehemu zake na bia ina hatua zake. Veit alisinzia. Rosina akasema, "Ndiyo, Mwalimu," na akajaza tena glasi yake kwa bia ya duka. Ya Aumühl ilibaki mezani imefunguliwa na kunywewa nusu. Niliibeba nikaondoka nayo mfukoni, ikanimwagikia kotini.

Ijumaa, 1 Machi

Nimefikia uamuzi. Tutafanya kuonja kwa haki, kwa namba, bila lebo. Aumühl dhidi ya duka. Rosina aonje asijue ipi ni ipi, na ulimi wake mwenyewe umwambie nani alimletea bia na nani alimletea sukari yenye gesi.

Nimekwenda tena dukani. Chupa nne nimeziweka kwenye kizingiti cha dirisha langu la kusini, juu ya bomba la joto. Nieleze: joto huizeesha bia haraka, na mwanga nao huiharibu. Chupa ya kahawia hukinga mwanga, lakini haikingi kila kitu, tena si kwa wiki tatu. Bia ya namna hiyo hatimaye hunuka karatasi iliyolowa, na ikizidi, hunuka kicheche.

Sijasema vibaya juu ya mtu yeyote. Nimeweka chupa dirishani tu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetangaza mtihani: tarehe 21. Veit amefurahi. Gidi ameweka glasi chini.

"Ya nini, Mwalimu? Bia ni ya kunywa. Tungetaka mitihani tungebaki shule."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Nasema haina haja."

Rosina alikuwa anafuta meza mahali palepale. "Lazima na mimi nionje?"

"Wewe ndiye mwamuzi mkuu," nikamwambia. "Hakuna anayeijua karafuu kama wewe."

Akaendelea kufuta. Nikaona ni unyenyekevu, nikazidi kumpenda.

Jumapili, 10 Machi

Mto Danubi umepanda mpaka kwenye mierebi ya ukingoni. Mvua, mvua, mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Hatukukutana, Rosina ana mafua. Nilimpelekea kitabu changu kizuri juu ya kilimo cha hopsi, maua yanayotia bia uchungu, chenye picha. Gidi alikuwa ameshampelekea mchuzi wa kuku. Nilimkuta ngazini akishuka na sufuria tupu.

"Amelala," akasema.

"Umejuaje?"

"Nimetoka kwake sasa hivi, Mwalimu. Ndivyo nilivyojua."

Jumanne, 19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Jua, hatimaye! Liliingia dirisha la kusini asubuhi nzima. Nilizigeuza zile chupa ili na upande wa pili upate.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika polepole, kwa sababu nataka kila neno likae mahali pake, kama nilivyowaambia watoto wa watu miaka yote ile.

Nilifika mapema. Nilimimina bia katika ukumbi wa baa usiopashwa joto, mlango umefungwa, wenzangu wakiwa jikoni. Glasi nane, mbili kwa kila mtu. Namba moja Aumühl, iliyotoka kiwandani juzi. Namba mbili ile ya dirishani kwangu. Nilipofungua chupa ya kwanza ya dirishani nilirudi nyuma hatua moja. Karatasi iliyolowa, soksi, na nyuma yake kicheche mwenyewe. Rangi na povu vilikuwa vizuri kabisa. Ningeweza kuishia pale. Kulikuwa na kreti ya Gidi chini ya meza ya baa, mbichi, ningebadilisha kwa dakika mbili. Naandika hili ili nisije nikasema baadaye kwamba sikupata nafasi.

Nilizipeleka kwenye sinia. Nikatoa sharti: wengine wasiseme kitu, wasikunje uso, mpaka mwamuzi mkuu atamke.

Rosina alivaa ile blauzi ya kijani. Alionja namba moja. Akainusa kwa muda mrefu, kama nilivyomfundisha. Kisha akachukua namba mbili. Akaisogeza sikioni kidogo, akakumbuka, akaishusha. Akainusa. Akanywa. Veit alikuwa na pua ndani ya glasi yake ya pili, na nilimwona ameganda hivyohivyo, kama farasi aliyekutana na nyoka.

"Namba mbili," Rosina akasema. Alikaa wima kama mtoto mbele ya ubao. "Kwanza ndizi mbivu. Halafu karafuu. Karafuu nyingi. Mwisho ganda la mkate, uliotoka jikoni sasa hivi."

Yalikuwa maneno yangu, kwa mpangilio wangu, mpaka "sasa hivi".

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa. Rosina alitutazama mmoja mmoja, na tabasamu lake likaanza kushuka upande mmoja.

"Nimekosea?"

Gidi akainua glasi yake namba mbili. Akaigugumia yote, mfululizo, koo likipanda na kushuka, mpaka hamira ya chini. Machozi yalimtoka. Akafuta povu kwa kiganja.

"Wapi! Hujakosea," akasema. "Karafuu tupu. Mimi namba mbili."

Veit alimtazama Gidi. Akanitazama mimi. Kisha, yeye ambaye amewahi kurudisha bia kwa sababu ya nzi mmoja, naye akanywa. Si yote, lakini alikunywa. "Namba mbili," akasema kwa sauti ya mtu aliyemeza dawa ya minyoo.

Ilibaki zamu yangu. Wote watatu walinitazama. Nilijua kuna jambo; sikujua ni lipi. Nilichokiona ni Gidi aliyemwokoa Rosina mbele yangu, na mkono wa Rosina uliokuwa umeshika ukingo wa meza karibu kabisa na mkono wake.

"Namba moja," nikasema. "Na nitaeleza kwa nini. Namba mbili imeharibika. Inanuka karatasi na mnyama. Hilo halihitaji utaalamu. Mtu yeyote mwenye pua angejua."

Rosina aliinuka. Alikusanya glasi zote nane, nyingine zikiwa bado na bia, akaanza kuziosha. Mgongo wake ulikuwa kwetu. Aliosha glasi moja kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mwalimu," Gidi akasema, taratibu, kama alivyozoea kumwambia abiria kituo chake kimefika. "Koti lako liko mlangoni."

Veit alinifuata mpaka darajani. Alitembea mikono nyuma.

"Ng'ombe akila majani mabovu huku yale mazuri yako kando," akasema mwishowe, "sisi hatusemi mjinga. Tunamwangalia pua." Akasimama. "Yule mama hanusi, Wunibald. Hanusi kitu. Supu ile. Keki ile. Mimi daktari mzima nimekaa pale nikifanya mzaha wa chumvi. Na wewe, miaka ishirini na sita, umeketi naye ukimwambia karafuu."

"Mimi sikujua."

"Hilo nakubali. Lakini bia ile nayo haikuharibika dukani. Kila asubuhi napita chini ya dirisha lako na mbwa. Nilidhani unaota jua pamoja na chupa zako."

Akaniacha pale.

Ijumaa, 22 Machi

Hakuna.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Leo ndiyo siku niliyokuwa nimeipanga. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na maji ya baraka. Nilikumbuka Alhamisi moja baada ya nyingine: nilivyoinua glasi, nilivyomwambia kabla hajaonja. Hata mara moja sikumwuliza anapata nini. Nilikuwa nimeshampa jibu, nikawa nalitia alama ya vyema.

Na bado, naandika kweli, nilipomwona Gidi akimshikia tawi lake huku akifunga vifungo vya koti, kitu kilinikwaruza kifuani kama siku zote. Nilidhani aibu ingeufukuza wivu. Vinakaa pamoja vizuri tu.

Jumanne, 26 Machi

Theluji tena, juu ya maua ya mti wa aprikoti wa bustanini. Nimezimwaga chupa zilizobaki.

Jumamosi Kuu, 30 Machi

Nilingoja mpaka watu waliotoka kanisani kubarikisha vikapu vya Pasaka wameingia majumbani, nikabisha hodi mlango wa jikoni. Kikapu chake kilikuwa mezani: nyama iliyokaushwa kwa moshi, mayai, mkate. Hakuniambia niketi.

"Nimekuja kusema jambo."

"Sema. Lakini usieleze."

Hilo lilinipunguzia maneno mengi. "Zile chupa za namba mbili niliziweka dirishani wiki tatu. Juu ya bomba la joto. Makusudi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka Gidi aaibike."

"Ulimtegea Gidi," akasema, "ukaninasa mimi."

"Ndiyo."

Alikaa. Kisha akanisukumia kiti kwa mguu, nami nikakaa.

"Ni tangu ile homa ya mwaka juzi," akasema. "Ilinichukua siku nne kitandani, nikaamka, dunia haina harufu. Kahawa ni maji ya moto. Waridi ni picha. Mto wa Xaver niliutunza bila kuufua, ulikuwa bado una harufu yake, na sasa ni mto tu. Tamu naipata, chungu naipata, chumvi ikizidi. Basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Lini, Wunibald? Uliniambia ninanusa nini kabla sijainua glasi. Na ulikuwa unafurahi sana nikisema karafuu." Alikuwa anachambua ukingo wa kitambaa cha kikapu. "Nilijiuliza, nikimwambia sinusi, mimi na yeye tutabaki na nini cha kuongea?"

Nilivua kofia, nikaiweka magotini, na kwa mara ya kwanza sikutafuta jibu.

"Gidi sikumwambia. Alijua mwenyewe. Januari nilisahau kuwasha moto baada ya kufungua gesi, nikakaa hapahapa nafuma soksi. Yeye akaingia, akazima jiko, akafungua madirisha yote, theluji ikaingia mpaka mezani. Ndipo akasema, habari za asubuhi. Kesho yake alikuja na bia saba tofauti kutoka lile duka. Akaziweka kwenye mstari. Hakusema hii ni nzuri, hii mbaya. Aliniuliza, hii unaihisije mdomoni? Ya nne ikachoma, ikawa tamu, ikanguruma sikioni. Nikamwambia, hii inacheza. Nililia, Wunibald. Kwa bia ya senti hamsini na tano."

Kengele hazikulia, zimenyamaza tangu Alhamisi Kuu.

"Jumatatu nitatembea na Gidi," akasema.

"Najua."

"Hujui. Unadhani aliniomba. Hakuniomba. Mimi ndiye niliyemwomba."

Nilivaa kofia. Mlangoni akaniita. "Wunibald. Ungeniomba mwaka jana, ningekubali."

Sijui kama alisema hivyo kwa huruma au kwa adhabu. Nimelifikiria jioni nzima na naliona lina vyote viwili.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Anga safi, upepo wa kusini. Ardhi inatoa mvuke. Nilitaka kubaki nyumbani, Veit akaja kunigongea kwa fimbo yake.

"Toka. Nani atanieleza miti?"

Rosina na Gidi walitembea mbele, hatua ishirini kutoka kwetu. Mji wote uliona, na mji wote ukajifanya unatazama mashamba. Gidi alikuwa amevaa suti. Hatua yake ilikuwa fupi ili ilingane na ya Rosina. Nilitazama mgongo ule kilomita tatu nzima, na nilijua kila mshono wake.

Pale njia inapoanza kupanda, walisimama. Rosina akageuka.

"Mwalimu! Njoo hapa mbele."

Nikaenda. Veit akabaki nyuma akifunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

"Upepo huu umebeba nini?" Rosina akaniuliza. "Nimemwuliza huyu, anasema unanukia vizuri. Vizuri vipi? Anasema, vizuri tu."

"Mimi nimenusa dizeli miaka thelathini," Gidi akasema. "Vizuri ni vizuri."

Orodha nzima ilikuwa imenijaa mdomoni, kwa mpangilio. Niliizuia.

"Unataka nianze na kipi?"

"Kilicho karibu."

Nikafumba macho. Nikamwambia juu ya udongo unaokauka kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, harufu ya sufuria ya chuma iliyooshwa. Nikamwambia juu ya kitunguu saumu cha mwituni, chini ya miti upande wa kushoto, kikali, kibichi. Samadi ya jana, kutoka shamba la ng'ambo. Ubani uliobaki kwenye koti la Veit. Aliuliza, nikajibu. Aliuliza tena. "Kama nini?" alikuwa akisema. "Kama nini, Wunibald?" Nami nilitafuta kitu anachoweza kukishika kwa mkono au kwa ulimi, si kitu cha kukariri.

Lakini kilichokuwa karibu kuliko vyote nilikuwa nimekiruka.

"Na kuna manukato," nikasema. "Gidi amejipaka manukato."

"Gidi!" Rosina alimgeukia. "Umejipaka manukato, na unajua kabisa sinusi?"

Yule mtu mkubwa alitazama viatu vyake. "Nimejipaka tu. Siku ni siku."

"Ya namna gani?" Rosina akaniuliza mimi. Uso wake ulikuwa umefunguka wote. "Niambie. Usinifiche hata moja."

Ikabidi nimkaribie. Ikabidi niinamishe pua yangu kwenye kola ya Ägidius Plank, mbele ya mji mzima, naye alitulia kama farasi anayekaguliwa, nikamnusa kwa makini kuliko nilivyowahi kunusa glasi yoyote.

"Limau," nikasema. "Halafu msonobari. Chini kabisa kuna sabuni ya kunyolea, na pamba iliyopigwa pasi leo asubuhi. Ya dukani, Rosina. Na inamfaa sana."

Alimshika Gidi mkono, akafumba macho, midomo yake ikirudia polepole: limau, msonobari. Nilisimama pale hadi alipomaliza, nikiwa bado na wivu wangu, kisha nikashuka kumngoja Veit.